Mwalimu wa Darasa Anapokuwa Mwalimu Mkuu: Yanayopaswa Kujulikana na Wakazi wa Sindeni

Barua ya kumteua Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi hutoka kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Walimu wengi huipokea wakiwa bado wanafundisha darasani, na mafunzo ya uongozi yanayotolewa na Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu (ADEM), Bagamoyo, huwafikia baadaye. Siku ya makabidhiano hupewa muhuri, leja ya mali za shule, rejista na nyaraka za benki. Walimu waliokuwa wenzake jana ndio atakaowapangia vipindi leo na, ikibidi, kuwaandikia barua ya onyo. Vipindi vyake mwenyewe mara nyingi humbakia.

Mzigo usiozoeleka zaidi ni fedha. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ilipangwa kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka: 4,000 za vitabu hubaki ngazi ya Taifa na 6,000 huingia moja kwa moja katika akaunti ya shule. Kwa kiwango hicho, shule yenye wanafunzi 400 hupata shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi, za chaki, mitihani, ukarabati na mengineyo. Si nyingi, na hutegemea idadi ya watoto. Kwa hiyo mzazi anayehama na mwanawe bila kuchukua uhamisho humwachia Mwalimu Mkuu rejista isiyo ya kweli, ambayo yeye ndiye atakayeijibia.

Hata hivyo, fedha hizo si za kuamuliwa na mtu mmoja. Mwalimu Mkuu ni katibu wa Kamati ya Shule. Mwenyekiti ni mtu mwingine. Kamati ndiyo inayojadili matumizi, na taarifa ya mapato na matumizi hubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mkazi anayesimama kuisoma, au kuuliza stakabadhi katika mkutano, hamvunjii mwalimu heshima. Mwalimu Mkuu mpya naye asiuchukulie udadisi huo kuwa ni uchokozi.

Liko jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalifahamu. Kwa kanuni za mwaka 2002, adhabu ya viboko hutolewa na mkuu wa shule, au na mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Haizidi viboko vinne, na lazima iandikwe katika kitabu maalumu. Kwa hiyo Mwalimu Mkuu huwajibika hata kwa fimbo ambayo hakuishika yeye.

Kuhusu chakula cha mchana, wazazi wanaweza kukubaliana kuchangia mahindi au maharage, lakini mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachangia.

Mwenye malalamiko aanze kwa Mwalimu Mkuu mwenyewe au kwa Kamati ya Shule. Asiporidhika, amwone Afisa Elimu Kata, kisha ofisi ya Afisa Elimu Msingi katika Halmashauri.