Motokaa za Juu ya Meza

Miongoni mwa uraibu ambao watu wazima huufanya nusu kwa fahari na nusu kwa haya, wakichelea kuambiwa kuwa wamerudi utotoni, umo ule wa kuunda motokaa na malori madogo ya plastiki, ambayo dukani hayauzwi yakiwa magari bali vipande mia na zaidi vilivyoshikana na vijiti vyao ndani ya kasha la karatasi, na ambayo hayawi magari mpaka mwenyewe akae mezani jioni baada ya jioni na kisu chembamba, tupa, msasa na gundi. Asiyeujua uraibu huu hudhani kazi yote ni kufuata maelekezo na kubandika. Aliyeuzoea anafahamu kuwa kubandika ndiyo sehemu nyepesi, na kwamba taabu imo katika kuamua jambo gani la gari kubwa litunzwe na jambo gani liachwe, kwa sababu si kila kitu cha duniani hukubali kupunguzwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Kipimo kilichoenea kuliko vyote ni 1/24, na asili yake ni futi ya Kiingereza: futi ina inchi 12, basi kila futi ya gari la kweli hupewa nusu inchi mezani. Wamarekani wamezoea 1/25, tafauti ambayo jicho haliioni mpaka magari mawili yawekwe sambamba. Motokaa ya mita nne na nusu hutoka chini kidogo ya sentimita 19, na lori lenye trela, la mita 16 na nusu, hutoka karibu sentimita 69, jambo ambalo mke wa muundaji hulitambua kabla ya mtu mwingine yeyote, maana ndiye anayeulizwa kama kuna nafasi juu ya kabati. Lakini urefu ukigawanywa kwa 24, uzito hugawanywa kwa 24 mara tatu, yaani kwa 13,824, hata motokaa ya kilo 1,000 ingebakiwa na gramu 72 tu.

Rangi nayo ina kisa chake. Rangi ya gari la kweli ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiupulizia unene huo huo juu ya kigari cha 1/24, ni sawasawa na kulipaka gari kubwa rangi ya milimita mbili na nusu, ambayo ni lipu wala si rangi tena: mifuo ya milango hufukiwa, herufi za nembo huzama, na pembe zilizokuwa kali huwa butu. Kwa ajili hiyo mafundi wa uraibu huu huikoroga rangi na thina mpaka iwe nyepesi mno, huipuliza kwa bomba dogo la hewa kwa tabaka ambazo ya kwanza haionekani kabisa, huacha kila tabaka ikauke, kisha husugua kwa msasa wa maji wa namba 2000 au zaidi kabla ya kung'arisha. Tena ung'aaji wenyewe una kiasi chake, kwani gari dogo linalomeremeta kupita hadi hufichua udogo wake papo hapo. Ajabu ni kwamba anayetaka gari lionekane la kweli hana budi kuyakhalifu mambo kadha wa kadha ya gari la kweli.

Uraibu huu ulipata nguvu Marekani, na haukuanza na plastiki. Kampuni ya Fisher Body, iliyokuwa mkono wa General Motors katika kazi ya mabodi, ilianzisha mwaka 1930 shindano la vijana wa kiume, ambao kwanza walitakiwa kuiga kwa mbao na chuma gari la farasi la enzi ya Napoleon, na baadaye, tangu 1937, wakaruhusiwa kuchonga motokaa walizozibuni wenyewe, na washindi wakapewa fedha za masomo ya chuo. Shindano hilo liliendelea mpaka 1968. Charles Jordan, kijana aliyeshinda mwaka 1947, alikuja kuwa mkuu wa ubunifu wa General Motors yenyewe, na sidhani kama kampuni ilipata kutumia fedha zake kwa busara zaidi.

Plastiki iliingia kwa mlango wa biashara. Katika jimbo la Michigan, kampuni ya AMT, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikuwa ikiunda vigari vilivyokwisha kufungwa ambavyo wauzaji wa motokaa waliviweka mezani au kuwapa watoto wa wateja, vikiwa na rangi zile zile za magari ya mwaka huo. Plastiki ya awali ilikuwa na ila mbaya, kwani baada ya muda ilijipinda, na vigari vingi vya siku hizo leo vina migongo iliyobonyea. Mwaka 1958 AMT ikatoa masanduku yaliyobadili mambo: ndani mlikuwa na gari moja lakini na vipande vya namna tatu, ili mnunuzi aliunde kama lilivyotoka kiwandani, au alipambe kwa mtindo wake, au aligeuze kuwa la mashindano. Hapo ndipo kijana ambaye umri wake haujamruhusu kushika usukani alipopata uwezo wa kukata paa, kulishusha, kuondoa vishikio vya milango na kuziba matundu yake kwa puti, kama walivyofanya mafundi wa California kwa magari makubwa. AMT ikamwajiri mmoja wao, George Barris, awe mshauri wake. Kampuni ya Revell nayo ikaviuza vioja vya fundi mwingine wa namna hiyo, Ed Roth, magari yenye vifuniko angavu vya mviringo ambayo sijui nani angethubutu kuyapeleka sokoni kununulia mboga.

Chukua mfano wa injini, maana hapo ndipo ustadi hudhihirika. Kasha la kawaida hutoa injini ya silinda nane ikiwa vipande vichache visivyo na waya hata mmoja. Waya wa plagi katika gari la kweli una unene wa milimita saba au nane, basi mezani hutakiwa uzi wa karibu milimita 0.3. Muundaji hutoboa kifuniko cha distribyuta kwa keekee nyembamba inayozungushwa kwa vidole, hutia nyaya nane, huzipitisha mahali pake, na akiwa mtu wa dhamiri huzifuatisha kwa mpango wa kuwaka kwa silinda, ambao katika injini ndogo ya Chevrolet ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Kisha hufunika boneti. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa wazimu, nami sina hoja ya kuwapinga, ila nasema kuwa ni wazimu usiomdhuru jirani.

Japani ilichukua uraibu huu na kuutia nidhamu. Mji wa Shizuoka ulikuwa na desturi ya kazi za mbao, na Tamiya, iliyoanza mwaka 1946 kama kiwanda cha kupasua mbao, ilitoka kwenye vinyago vya mbao ikaingia katika plastiki mwaka 1960. Kalibu zake za chuma zilichongwa kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba vipande hukutana bila kulazimishwa. Mwenye kampuni, Shunsaku Tamiya, alipotaka kutengeneza Porsche alinunua gari zima la 911 akalifungua skrubu kwa skrubu ili kulipima.

Katika jimbo la Shizuoka, ulimo mji huo, ndiko yanakotoka makasha yanayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Kampuni ya Hasegawa imetoa kwa kipimo cha 1/24 zile Datsun mbili za Edgar Herrmann na Hans Schüller zilizoshinda mashindano ya magari ya Safari, ile 1600 SSS ya mwaka 1970 na ile 240Z ya 1971, nyekundu yenye boneti nyeusi. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na zamani zile yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, katika barabara ambazo msimu wa mvua haukuzihurumia. Leo mtu wa Ulaya ambaye hajapata kukanyaga vumbi la Machakos hukaa mezani akalitafuta vumbi hilo kwa chaki iliyosagwa.

Aghalabu hulikosa, na sababu yake ni kulipaka kila mahali sawasawa. Vumbi letu lina adabu zake: hupanda nyuma ya matao ya magurudumu, hujazana juu ya buti kwa kuwa hewa iliyo nyuma ya gari linalokimbia hulivuta lirudi, na katika kioo cha mbele huacha pinde mbili safi zilizopitiwa na waipa. Changarawe hukwaruza ncha ya boneti zaidi ya mlango. Rangi yake, likishakauka, imepauka kuliko udongo wenyewe. Fundi mzuri huchanganya unga wa chaki na thina, hupaka, hungoja ikauke, kisha hufuta kwa pamba kufuata upepo, toka mbele kwenda nyuma.

Malori yana wapenzi wao, na hao ni watu wa tabia nyingine, wasiopenda usafi. Italeri ya Italia hutoa Scania, Volvo na DAF, lakini kasha lenye lori kama yale ya njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma sijaliona, hivyo anayelitaka hana budi kulibadili mwenyewe: achonge bodi la mbao, atie grisi nyeusi katika sahani ya kufungia trela, afunge madumu ubavuni, na turubai alitengeneze kwa karatasi ya shashi iliyochovywa katika gundi nyeupe yenye maji, ambayo ikikauka hushika mikunjo yake. Maneno ya nyuma huchapwa juu ya karatasi maalumu ya kubandika kwa maji, na hapo kila mtu na hekima yake.

Watoto wetu, wanaounda malori kwa waya na makopo na magurudumu ya ndala, hawana habari ya 1/24, walakini nao wamechagua. Gari lao halifanani sana na Scania, bali lina usukani mrefu unaogeuza magurudumu kwelikweli, kitu ambacho makasha mengi ya bei ghali hayana. Mmoja ametunza sura, mwingine ametunza mwendo.

Anayetaka kuanza na achukue motokaa ya vipande vichache, wala asiguse waya wa plagi mara ya kwanza. Vipande vioshwe kwa sabuni, kwani vinatoka na mafuta ya kalibu ambayo huikataa rangi. Madirisha ya chumba yafunguliwe, maana gundi ya plastiki huunganisha kwa kuyeyusha, na mvuke wake si wa kuvuta. Vioo vibandikwe mwisho, tena kwa gundi nyeupe ya karatasi, kwa sababu ile gundi ya kukauka papo kwa papo hutoa mvuke unaotia ukungu mweupe juu ya plastiki angavu, na kuuondoa ukungu huo ni kuanza upya na msasa.