Chini ya Miguu Yetu Hakuna Bahari ya Moto

Ukimuuliza mtu kilichoko chini kabisa ya ardhi, aghalabu atakujibu kwamba ni moto. Picha iliyomo vichwani mwa wengi ni ya ganda jembamba lililotandazwa juu ya bahari ya mwamba ulioyeyuka, na volkano ni matundu ambayo bahari hiyo hupata pa kufurikia. Picha hiyo ina sababu yake, kwa kuwa ni kweli joto huongezeka kadiri tunavyochimba. Hata hivyo, si sahihi. Kati ya ganda tunalokanyaga na kiini cha chuma kuna tabaka liitwalo koti, ambalo limechukua zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wa Dunia na ambalo karibu lote ni mwamba mgumu. Mwamba huo una joto ambalo lingeuyeyusha kama ungekuwa hapa juu, lakini kule uliko haukuyeyuka. Anayeelewa sababu yake ameelewa jambo la msingi kuhusu sayari zote: joto peke yake haliamui kitu kiwe kigumu au kimiminika. Mgandamizo nao una kauli, na huko chini kauli yake mara nyingi ndiyo ya mwisho.

Ushahidi wa kwanza uko ufukweni. Katika miaka ya 1860 mwanafizikia William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, alitoa hoja kwamba mwezi na jua huvuta bahari na nchi kavu kwa pamoja. Kama chini ya ganda kungekuwa na kimiminika, ganda lenyewe lingepanda na kushuka pamoja na maji, na mtu aliyesimama pwani asingeona bahari ikijaa wala ikipwa. Wavuvi wa Unguja wanajua kwamba wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Nchi kavu nayo huinuka, ila kwa sentimita makumi machache tu. Kelvin alihitimisha kwamba Dunia, ikichukuliwa kwa jumla, ni ngumu kupindika kuliko kioo. Ushahidi wa pili uliletwa na matetemeko ya ardhi. Kila tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili yanayopita ndani ya sayari, na moja kati yake hutikisa mwamba upande kwa upande. Mawimbi hayo hayawezi kusafiri ndani ya kimiminika, kwa sababu kimiminika kikisukumwa kando hakina nguvu ya kujirudisha. Vituo vya kupimia matetemeko huyapokea baada ya kuvuka koti lote hadi kina cha kilometa 2,900 hivi. Bahari ya moto isingeyaruhusu kupita.

Kwa nini basi mwamba wenye joto la nyuzi 2,000 na zaidi usiyeyuke? Kitu kinapoyeyuka, chembe zake huachana na mpangilio wake na kudai nafasi zaidi. Mgandamizo huzinyima nafasi hiyo. Sheria hiyo hiyo huonekana maji yanapochemka: ufukweni huchemka kwa nyuzi 100, lakini kwenye kilele cha Kilimanjaro, ambako hewa ni nyepesi, huchemka kwa nyuzi zisizozidi sana 80. Mwamba wa koti, ambao juu ya ardhi ungeanza kuyeyuka katika nyuzi 1,100 au 1,200, huhitaji joto kubwa zaidi kila unapoteremka. Kwa sehemu kubwa ya safari hiyo joto linalohitajika hupanda kwa kasi kuliko joto lililopo, hivyo mwamba hubaki mgumu.

Hapa msomaji makini anaweza kuleta pingamizi. Katikati kabisa ya Dunia nguvu ya mvutano ni sifuri, kwa maana kila upande wa sayari hukuvuta sawa na upande ulioukabili. Ikiwa hakuna kinachovuta, mgandamizo utatoka wapi? Ni kweli kwamba mvutano hauongezeki hadi mwisho. Hupanda kutoka mita 9.8 kwa sekunde ya mraba hapa juu hadi karibu 10.7 kwenye mpaka wa koti na kiini, kisha hupungua hadi sifuri. Lakini mgandamizo hautokani na mvutano wa mahali ulipo. Ni jumla ya uzito wa matabaka yote yaliyo juu yako. Kila tabaka huvutwa kuelekea ndani na kulielemea linalofuata, na hakuna hata moja linalopunguza mzigo uliokwisha kupokewa. Ndiyo maana mahali pasipo na mvutano ndipo penye mgandamizo mkubwa kuliko pote, takriban mara milioni 3.6 ya ule wa hewa tunayovuta.

Pingamizi zito zaidi ni lava yenyewe. Kama chini ni kugumu, volkano ya Nyiragongo hutapika nini? Jibu ni kwamba mwamba mgumu wenye joto kali husogea polepole, sentimita chache kwa mwaka, katika mamilioni ya miaka. Unapopanda, mgandamizo hupungua upesi kuliko joto lake, na ukikaribia juu sehemu yake ndogo huyeyuka bila kuongezewa joto lolote. Chini ya Bonde la Ufa, ambako bara linatanuka na ganda limekonda, upandaji huo ni rahisi zaidi, na maji pamoja na kaboni dioksidi iliyomo mwambani hushusha kiwango cha kuyeyukia. Kama milima yetu ingechota kutoka bahari moja, lava zake zingefanana. Hazifanani: Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, hutoa lava ya kaboneti yenye joto la nyuzi 500 hadi 600, na hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa ya namna hiyo, ilhali Nyiragongo hutoa lava ya silikati yenye joto la nyuzi 1,000 na zaidi.

Kiini cha Dunia ndicho mtihani mkubwa wa hoja hii. Sehemu yake ya nje kweli ni kimiminika, kwa kuwa chuma huyeyuka kwa urahisi kuliko mwamba wa koti uliopakana nacho. Lakini mwaka 1936 Inge Lehmann wa Denmark, akichunguza mawimbi ya tetemeko la New Zealand la mwaka 1929, alitambua kiini kingine ndani ya kile cha kwanza, na mwaka 1971 Adam Dziewonski na Freeman Gilbert walithibitisha kwamba ni kigumu. Sehemu yenye joto kali kuliko zote imeganda kwa kugandamizwa. Atakayesema kwamba hakuna aliyefika huko atakuwa amesema kweli. Shimo la Kola nchini Urusi, lenye kina cha mita 12,262, halikutoboa hata ganda. Lakini mwaka 2013 watafiti mjini Grenoble, Ufaransa, walibana chuma kati ya ncha mbili za almasi, wakakipasha joto kwa leza, na vipimo vyao viliwaonyesha kwamba kwenye mpaka wa kiini cha ndani joto ni takriban nyuzi 6,000. Mawimbi na maabara, kila kimoja kwa njia yake, vinatoa ushahidi unaokubaliana.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Mitambo ya Olkaria nchini Kenya, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 1981, haichoti bahari ya lava. Hutumia mvuke wa maji yaliyopashwa na mwamba wenye joto, na faida hutegemea kujua ni wapi joto hilo limekaribia juu. Si faida tu, hata hatari: mwaka 2002 lava iliyopita katikati ya mji wa Goma ilitoka kwenye nyufa za ubavuni mwa Nyiragongo. Anayeamini bahari ya moto huona volkano kama ajali isiyo na utaratibu, na mbele ya ajali hakuna la kufanya ila kuogopa. Anayejua kwamba mwamba huyeyuka pale mgandamizo unapolegea anajua pia cha kupima: mitetemo, kutanuka kwa nyufa, kuvimba kwa ardhi na gesi zinazotoka. Nchi za Bonde la Ufa zinapaswa kugharimia vipimo hivyo kila mwaka, hata miaka ambayo milima imetulia, kwa sababu dalili ya hatari huonekana tu kwa aliyeijua hali ya kawaida.