Fahamu: Kwa nini Joseph Kony bado hajakamatwa

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ilitoa hati ya kumkamata Joseph Kony, kiongozi wa kundi la waasi la LRA kutoka Uganda, mwaka 2005. Kuanzia mwaka huo wapiganaji wake walijichimbia Garamba, mbuga ya kaskazini mashariki mwa Kongo.

Garamba ni nyika: majani marefu yanamfunika mtu mzima, na mpaka wa Sudan Kusini uko karibu.

Desemba 2008 ndege za Uganda zilishambulia kambi za LRA huko Garamba. Zikakuta Kony ameshaondoka. Kilichofuata kinaumiza hadi leo: LRA ililipiza kisasi kwa wanakijiji wa Haut-Uélé, ikaua mamia ya watu wakati wa Krismasi, huko Faradje, Duru na Doruma. Waliopanga shambulio hawakuwawekea raia ulinzi wa kutosha, na hilo halina udhuru.

Kony aliacha simu za setilaiti, akatuma wajumbe wa miguu. Waliomfuatilia wakakosa sauti ya kunasa. Marekani ilileta wanajeshi wapatao 100 mwaka 2011, ikaahidi hadi dola milioni 5 kwa taarifa za kusaidia kumkamata mwaka 2013, kisha mwaka 2017 ikaondoka pamoja na Uganda, mkuu wa LRA akiwa bado huru.

Novemba 2025 majaji wa ICC walithibitisha mashtaka 39 dhidi yake bila yeye kuwepo. Lakini kesi yenyewe haiwezi kuanza hadi afikishwe mbele ya mahakama hiyo huko The Hague.