Baiskeli yenye keria tupu

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Waenda wapi na keria tupu?"

Swali hilo niliulizwa Jumamosi moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hapa Chitete, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba. Nikajibu kwamba siendi popote, nazunguka tu. Mzee akaitazama keria, akanitazama mimi, kisha akarudi kwenye mswaki wake wa mti bila neno.

Sikumlaumu. Huku kwetu keria ndiyo inayosema mtu anakwenda wapi. Ikibeba gunia la mpunga, anakwenda mashineni kukoboa. Ikibeba madumu, anakwenda kisimani. Ikifungwa mto juu yake na mtu akaketishwa kwa uangalifu, yuko mgonjwa, na wapita njia humpisha hata kabla hajapiga kengele. Keria tupu asubuhi ya Jumamosi haielezeki. Mtu mzima kutoka kwake, kunyonga pedeli mwendo wa saa nzima, halafu arejee palepale alipotoka bila hata mkungu wa ndizi? Ana nini huyu?

Kuna wenzetu wanaolipia kitu hichohicho. Katikati ya Uingereza liko bwawa liitwalo Rutland Water, lililochimbwa miaka ya 1970 kuwapa watu maji ya bomba. Njia inayolizunguka, ukiifuata pamoja na rasi yake, ina urefu wa kilomita 37 hivi, na mtu asiye na baiskeli hukodishiwa hapohapo. Wanazunguka na watoto, wanakula walichofunga, wanapita kando ya kanisa la zamani la Normanton ambalo nusu yake ya chini imezingirwa na mawe ili maji yasilimeze, kisha wanarudi kwenye magari yao. Hakuna anayewauliza habari za keria.

Tanzania njia ya namna hiyo ninayoifahamu vizuri ni ya miguu, tena si ya bwawa la kuchimbwa: ni ya Ziwa Duluti, pale Tengeru nje kidogo ya Jiji la Arusha. Duluti ni shimo la volkano lililojaa maji, na msitu unaolizunguka uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Unalipa getini, unaingia kwenye kivuli, na kwa mwendo wa polepole kiasi cha saa moja na kitu unakuwa umekamilisha mzunguko. Kima wanakurushia makapi ya matunda, kenge anakatiza mbele yako kama mwenye nyumba. Jirani na hapo, kuanzia mwaka 1942, waliishi wakimbizi wa Kipoland wapatao 5,000 waliokimbizwa na vita, na makaburi ya waliofia huko bado yanatunzwa. Nilipotembea Duluti kilichonishangaza si kima. Ni kwamba nje ya uzio mashamba na nyumba vimebanana, ardhi ya Meru haina nafasi ya kutema mate, lakini ukingo wa ziwa umebaki msitu. Pana njia, na kwenye njia pana watu kila siku, kwa hiyo atakayeingia na panga ataonekana.

Niliporudi Momba wazo la njia ya kuzunguka maji halikuniacha, ingawa kwa Ziwa Rukwa letu ni ndoto. Mto Momba humwaga maji yake humo, na Rukwa halina mto wa kuyatoa. Linapungua kwa jua peke yake. Lina kina kifupi, na bonde lake ni tambarare. Mwaka 1929 lilikuwa limenywea hadi urefu wa kilomita 50 hivi. Miaka kumi baadaye, 1939, likawa limetanuka na kukaribia kilomita 130. Mtu angechora njia ya baiskeli ufukweni mwaka ule wa kwanza, wajukuu zake wangeifuata kwa mtumbwi, na mamba wakiwasindikiza.

Mabwawa ya kuchimbwa nayo yana tabia hiyo, ila kwa kipimo. Anayesafiri kati ya Iringa na Dodoma hupita juu ya ukuta wa Mtera, kwenye Mto Ruaha Mkuu. Bwawa likijaa, maji yako mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakishuka hadi 690, mitambo haipaswi kuendelea. Tofauti ni mita nane na nusu tu za wima, lakini juu ya nchi tambarare mita hizo ni eneo kubwa la tope lenye rutuba, na tope lenye rutuba halikosi mkulima. Maji yanarudi nyuma, jembe linayafuata.

Hapo ndipo sheria inapopata taabu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zenye kudhuru, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa, bwawa au ukingo wa mto. Kila ofisa mtendaji anaijua namba hiyo. Mita 60, sawa, lakini kutoka wapi? Kutoka maji ya Machi au ya Oktoba? Mkulima anapima kutoka Oktoba, ofisa anapima kutoka Machi, na katikati yao mahindi yameshafika magotini. Pale Morogoro, Bwawa la Mindu kwenye Mto Ngerengere linanywesha sehemu kubwa ya mji. Mpaka uliowekwa huko ni mita 500, na ugomvi wa nani yuko ndani na nani yuko nje umekula miaka.

Bango la onyo huanguka, au mtu hulichukua akaezekee banda. Nguzo ya zege hufunikwa na majani. Njia inayopitwa kila siku haifunikwi. Kwa macho yangu, mguu na tairi la baiskeli si shughuli ya kudumu wala si ya kudhuru, na ukanda ule ambao hauruhusiwi kulimwa una upana wa kutosha kupitisha baiskeli mbili, miti, na watu waliokaa kula muhogo. Hata mwenye bwawa ana faida yake: tuta la udongo linataka kukaguliwa mara kwa mara, kama linavuja chini, kama wanyama wametoboa mashimo, kama njia ya kumwagia maji ya ziada imeziba. Mkaguzi akipata barabara nyembamba ya kuzunguka, na waendesha baiskeli wamepata yao.

Nasema hivi kwa sababu halmashauri zetu zinaendelea kuchimba mabwawa, ya umwagiliaji na ya mifugo, na michoro niliyowahi kuiona ina tuta, ina mfereji, ina birika la ng'ombe. Njia ya kuzunguka sijaiona.

Atakayeanza bila kuingoja aondoke mapema, kabla ya jua na upepo, abebe pampu, gundi na kipande cha tyubu kuukuu, maana miiba ya nchi kavu haichagui tairi la bei. Na asishawishike kuosha matope ya miguu kwenye maji yaliyotulia: konokono wa kichocho hupenda pembezoni penye majani.

Mimi Jumamosi ile sikuzunguka bwawa. Nilizunguka majaruba ya mpunga kwa njia za wakulima, nikashuka mara nne kuvuka mifereji baiskeli begani, nikapigwa pancha moja. Niliingia kijijini kwa upande mwingine kabisa, saa nne kasoro. Mzee alikuwa amehamisha kigoda kufuata kivuli, kwa hiyo tukakutana uso kwa uso tena.

"Umesharudi?"

"Nimerudi, baba."

Akaikagua keria, bado tupu. "Maji yamefika wapi kule chini?"

Nikamweleza: mfereji wa pili unavuja ukingoni, na jaruba la tatu limekauka. Akanyamaza kidogo, kisha akamwita mjukuu wake alete jembe.