'Bila seli' si 'seli huru'

Mwanafunzi wangu hapa Machakos aliniletea tafsiri ya makala ya sayansi. Penye 'bila seli' kaandika 'seli huru'. Jamani! Hapo mbinu nzima imepinduka.

Mwaka 2004 Ramachandran, LaBaer na wenzao, Marekani, walitaka kupanga protini nyingi kwenye kioo kimoja. Protini huharibika upesi; DNA ni sugu. Basi wakachapisha vitone vya DNA, kisha wakavimwagia majimaji ya seli changa za damu ya sungura zilizopasuliwa, ambayo bado yana uwezo wa kuunda protini. Kila kitone kikazaa protini yake, ikanaswa papo hapo na kingamwili iliyochapishwa pamoja na DNA. Mimi ningesema hata 'bila seli nzima', maana yaliyomo yamebaki.

Ubishi wa walimu tu? Watafiti wa KEMRI kule Kilifi wana kioo chao, KILchip, chenye protini zaidi ya 100 za kimelea cha malaria, japo hizo hutengenezwa kwanza ndipo zichapishwe. Wanaotoa damu huko huelezwa utafiti kwa Kiswahili au Kigiriama kabla ya kutia sahihi. Mzee akisomewa 'seli huru' atauliza: seli za nani, na zimeachiliwa ziende wapi?