Jina lilikuwa juu ya disiki, leo liko wapi?

Kavimvira, mbele kidogo ya bariere ya kwenda Gatumba. Chini ya parasoli, kijana mmoja ameweka ordinateri yake juu ya meza ya mbao, watu wamemuzunguka. Kazi yake ni kujaza nyimbo ndani ya karte za telefone. Mchimbaji mmoja anayejiandaa kurudi Misisi anamuambia: « Mudogo, nitilie za zamani, zile za wazee. Kule mulimani rezo ni ya kubahatisha. » Kijana anabonyeza mara mbili tatu, basi, kazi imekwisha. Nyimbo zaidi ya mia, kwa pesa isiyonunua hata sahani ya ugali na ndagala.

Mchimbaji anasikiliza moja, anatabasamu. « Huu naujua, papa alikuwa anaupiga. Nani aliimba? » Kijana anaangalia ekrani: « Hapa wameandika Piste 07. »

Papa yake alifanya kazi SOMINKI, Kamituga, na siku ya mushahara hakurudi nyumbani mikono mitupu: sukari, sabuni, na mara moja moja disiki ndogo ya tours 45. Wenye umri wanakumbuka. Upande wa A maneno, upande wa B wimbo unaendelea, gitaa zinawaka na watu wanasimama kucheza. Katikati kulikuwa na ule muda mufupi wa kimya, mutu anageuza disiki, anashusha sindano polepole. Watoto walikatazwa kugusa.

Wachimbaji na disiki wanajuana tangu zamani. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimurekodi Jean-Bosco Mwenda na gitaa lake kule Jadotville, Likasi ya leo, muji wa shaba. « Masanga » yake ilitoka juu ya disiki za tours 78, zile nzito zinazovunjika kama sahani ya udongo. Tours 45, iliyotolewa na RCA Victor huko Marekani mwaka 1949, ilikuwa nyepesi, inaingia ndani ya valizi. Kinshasa zilitoka kwa kiwanda cha Mazadis. Nairobi nako zilitoka nyingi, na wanamuziki wetu walihamia huko. Orchestra Super Mazembe ilifika kule mwaka 1974, na jina lake ni la mashine kubwa za kuchimba na kusukuma udongo. Mutu wa karyere alilielewa bila kutafsiriwa!

Haifai kuisingizia intaneti kila kitu. Tours 45 kwetu iliuawa na kaseti. Miaka ya 1980 mutu mwenye redio mbili alikopi wimbo jioni moja, na asubuhi kaseti iko sokoni. Kisha CD, nazo zikakopiwa. Wazungu walipita njia ingine: mwaka 2003 Apple ilifungua duka la iTunes, wimbo mumoja kwa senti 99, na mwaka 2006 « Crazy » ya Gnarls Barkley ilifika namba moja Uingereza kwa kuuzwa kwenye intaneti tu, disiki yenyewe haijafika madukani. Siye hatukupita kwa duka. Tulitoka kwa kaseti tukaanguka ndani ya karte memwari, na hapo katikati hakuna aliyelipa wala aliyehesabu.

Disiki ilikuwa inahesabika. Hata kama mwenye kampuni alimuibia mwanamuziki, na wengi waliibiwa, ile karatasi ya muviringo pale katikati ilisema: wimbo huu, orkestre hii, mutungaji ni fulani. Leo kuna SOCODA ya kutetea haki za watungaji, lakini itamudai nani kwa ajili ya Piste 07?

Mwanamuziki lazima ale. Ndipo « mabanga » yamejaa ndani ya nyimbo zetu. Libanga kwa Kilingala ni jiwe, na kutupa libanga ni kutaja ndani ya wimbo jina la tajiri, la mwanasiasa, la mwenye duka, naye anatoa pesa. Nyie mnaovunja mawe tangu asubuhi mpaka butu, angalieni jiwe la namna hiyo: linavunjwa kwa mudomo na linalipa kuliko lenu. Siwalaumu wanamuziki. Lakini jina la mutungaji limetoka juu ya disiki, na jina la mwenye pesa limeingia ndani ya wimbo, na hili la pili hakuna karte inayoweza kulifuta.

Tulimufuata yule mchimbaji mpaka kwa mama yake. Mama alitoa sanduku la bati. Maji ya Aprili 2020, yale yaliyobomoa manyumba Uvira, yaliingia mpaka kitandani. Disiki zilioshwa matope, plastiki haikudhurika, lakini karatasi zilibanduka zote, na fono yenyewe ilikufa siku ile. Sasa nazo ni nyeusi tupu, hazina jina, kama za kijana wa parasoli.

Mwana alipiga wimbo kwa telefone. Mama hakungoja ufike mbali.

« Hii ni "Shauri Yako". »

« Ya Super Mazembe? »

« Mazembe waliirudilia. Mwenyewe ni Nguashi Ntimbo, na Festival du Zaïre. Papa yako alikuwa anagombana na watu ku bare juu ya hiyo. »

Kesho yake, mbele ya kupanda gari, mchimbaji alirudi chini ya parasoli, akamuomba kijana afute Piste 07 aandike jina lile, herufi kwa herufi. Kijana alicheka: « Yaya, kule mulimani nani atasoma? »

« Andika tu. »