Kutoka Fraki hadi Abakosti: Hatima ya Vazi Rasmi la Jioni katika Sherehe za Hadhi

1. Utangulizi

Katika kila jamii, sherehe ya hadhi hutambulikana kwa mambo matatu: maneno yanayotamkwa, nafasi wanazokaa watu, na mavazi yanayovaliwa. Wanaisimu wamezoea kuchunguza jambo la kwanza na kuwaachia wengine la tatu. Hata hivyo, vazi nalo ni alama. Kama ilivyo kwa alama ya lugha, maana yake haimo ndani ya kitambaa, bali hutokana na mapatano ya watu wanaolitumia. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vazi rasmi la jioni la Kizungu lilivyopungua katika sherehe kubwa za dunia, na kuonyesha kwamba nchini Kongo mavazi ya Kizungu ya heshima yalipitia njia ya pekee, ambayo inawafaa walimu na wanafunzi wa chuo kikuu kuitafakari.

2. Vazi lenyewe na majina yake

Desturi iliyoenea Ulaya katika karne ya 19 iliwataka wanaume waliohudhuria karamu kubwa za usiku wavae fraki, yaani koti jeusi lililokatwa mbele na kuachiwa mikia miwili nyuma, pamoja na kizibao cheupe na tai nyeupe ya kipepeo. Katika miaka ya 1880 likaenea koti fupi lisilo na mikia, ambalo baadaye lilizoeleka kuvaliwa na tai nyeusi. Majina ya koti hilo yana historia ya kufundisha. Wamarekani waliliita tuxedo, kutokana na Tuxedo Park, makao ya matajiri yaliyo karibu na New York. Wafaransa waliliita smoking, neno walilolitwaa katika Kiingereza, ambamo lilihusu koti la kuvalia wakati wa kuvuta tumbaku. Waingereza wenyewe hawalitumii kwa maana hiyo. Neno lilivuka mpaka na maana ikabadilika.

Mavazi hayo yanafuata kanuni moja: kile ambacho kizazi kimoja hukihesabu kuwa cha starehe, kizazi kinachofuata hukipandisha cheo. Fraki yenyewe ilitokana na koti la kupandia farasi. Koti fupi lilikuwa la nyumbani kabla ya kuingia ukumbini. Hatimaye suti ya kawaida, iliyokuwa ya shughuli za mchana, ikashika nafasi ya yote mawili.

3. Sababu za kupungua

Sababu ya kwanza ni ya kijamii. Vita vya 1914 hadi 1918 vilivunja maisha ya nyumba kubwa zenye watumishi wengi, na vazi lililohitaji kupigwa pasi na kutiwa wanga likawa mzigo.

Sababu ya pili ni ya kisiasa: viongozi walitaka kufanana na raia zao. Nchini Marekani, John Kennedy aliapishwa mwaka 1961 akiwa amevaa koti rasmi la mchana na kofia ndefu. Mwaka 1965 Lyndon Johnson alivaa suti ya kawaida, na Jimmy Carter akafanya vivyo hivyo mwaka 1977. Nchini Uingereza, Gordon Brown, alipokuwa waziri wa fedha mwaka 1997, alihutubia karamu ya wenye mabenki wa London katika suti ya kazi, ilhali desturi ilidai vazi la jioni.

Sababu ya tatu ni kukataa kutawaliwa. Mwaka 1931 Mahatma Gandhi aliingia katika jumba la mfalme wa Uingereza akiwa amevaa nguo yake ya pamba na shuka. Mahali pengine kanuni yenyewe ilifungua mlango. Katika sherehe ya Nobel, inayofanyika Stockholm kila tarehe 10 Desemba, fraki ingali inadaiwa, lakini vazi la taifa linakubaliwa badala yake. Ndiyo sababu Gabriel García Márquez aliweza kupokea tuzo yake mwaka 1982 akiwa na liquiliqui, vazi jeupe la Kolombia na Venezuela.

4. Njia ya Kongo

Chini ya ukoloni wa Ubelgiji, vazi la Kizungu lilikuwa mtihani. Mwafrika aliyetaka kuhesabiwa miongoni mwa «walioendelea», kwa kadi ya sifa ya kiraia iliyoanzishwa mwaka 1948 au kwa uandikishwaji wa mwaka 1952, alipimwa kwa mwenendo wake wote, hata nyumbani kwake. Suti na tai vilikuwa ushahidi mbele ya hakimu asiyeonekana. Tarehe 30 Juni 1960, katika Jumba la Taifa mjini Léopoldville, Patrice Lumumba alivaa suti na tai ya kipepeo, na ukanda wa nishani ya Ubelgiji kifuani, huku akitamka hotuba iliyoumbua ukoloni mbele ya mfalme Baudouin. Vazi lilisema jambo moja, na maneno yakasema jingine.

Baada ya nchi kuitwa Zaire mwaka 1971, utawala wa Mobutu ulipiga marufuku suti na tai kwa jina la «kurudia uhalisi». Mahali pake pakawekwa abakosti: koti lisilo na tai, ambalo wengi hulilinganisha na lile la Wachina. Wanawake nao walikatazwa suruali na kutakiwa kuvaa vikwembe. Hivyo, wakati ambapo kwingineko vazi rasmi lilififia polepole kwa hiari ya watu, hapa tai iliondolewa kwa amri.

Lakini amri haikuondoa rasmi. Ilibadilisha rasmi moja kwa nyingine. Abakosti ikawa sare ya wenye madaraka, na zile za fahari zilishonwa Ubelgiji kwenyewe, katika kiwanda cha Arzoni. Vijana waliojiita wasapeur, ambao Papa Wemba aliwapatia sifa kubwa, wakajibu kwa kuvaa suti za gharama za Paris na Roma. Tarehe 24 Aprili 1990, mjini N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja na kuruhusu tena tai, ingawa yeye mwenyewe hakuacha abakosti yake. Vazi ambalo Gandhi alilikataa kwa ajili ya uhuru likawa, kwa Wazaire wa mwaka 1990, dalili ya uhuru. Na Antoine Gizenga, mpinzani wa Mobutu wa siku nyingi, alipokuwa waziri mkuu tangu 2006 hadi 2008, alijulikana kwa koti la namna ileile. Kitambaa ni kimoja. Maana ni nyingi.

5. Maneno na mavazi

Neno abakosti lilitokana na mwito wa Kifaransa «à bas le costume», yaani «suti na ianguke». Msikilizaji wa Kibemba angeweza kudhani kwamba *aba-* ya mwanzo ni kiambishi cha watu, kama katika *abantu*. Kumbe ni Kifaransa kitupu. Hivyo vazi la uhalisi lilipewa jina kwa lugha ya mkoloni, na jina hilo linataja kile kinachokataliwa bila kutaja kinachopendwa. Linganisha na maneno ya Kiswahili cha pwani, *kanzu*, *joho* na *kilemba*, ambayo yalitaja mavazi ya heshima kabla Mzungu hajaleta tai. Au na *kikwembe* cha Lubumbashi. Kikwembe kilivaliwa kabla ya amri, na amri ilipokoma kikaendelea kuvaliwa arusini, matangani na ukumbini. Abakosti, iliyotoka juu, ilipungua pamoja na aliyeiamuru.

6. Hitimisho

Je, kupungua kwa vazi rasmi ni kupungua kwa heshima? Jibu halipatikani upande mmoja. Fraki ilikuwa na haki yake: ukumbini, tajiri na mwalimu walifanana. Kanuni ilipolegea, tofauti ikahamia kwenye jina la mshonaji na bei ya viatu. Kwa upande mwingine, kanuni kali hufunga mlango. Mwanafunzi anayepaswa kutetea kazi yake ya mwisho, na ambaye familia yake imejinyima ili kulipa ada, huazima suti ya mjomba au ya jirani, na akili yake inayopaswa kukaa kwenye hoja inakaa kwenye mikono ya koti iliyo mirefu kupita kiasi. Wahenga walisema: nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Joho la chuo kikuu lina fundisho hapa. Humfunika mtoto wa waziri na mtoto wa mchimba madini kwa namna moja, na halimuulizi mtu amevaa nini chini yake. Historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba sherehe hudumu pale ambapo vazi lake linatokana na watu na kuwaingiza ukumbini, na hudhoofika pale ambapo vazi linatumika kuwachuja. Wanaotunga kanuni za sherehe katika vyuo wangefanya vema kujiuliza kwanza ni nani atakayebaki mlangoni, ndipo waandike neno «rasmi» katika barua ya mwaliko.